Meza za blackjack mubashara: ipi uikalie, ipi uipite

Kwenye blackjack mubashara, yaani ile ya mtandaoni yenye mgawaji halisi unayemwona kwa video, kabla ya kuangalia bonasi au dau la chini, tafuta namba mbili: 3:2 au 6:5. Mara nyingi huandikwa kwenye kitambaa cha meza, na zisipoonekana hapo zimo kwenye ukurasa wa kanuni. Zinakueleza utalipwa nini ukipata 21 kwa karata mbili za mwanzo, yaani blackjack.

Tupige hesabu. Umeweka dau la shilingi 1,000. Meza ya 3:2 itakulipa 1,500, ya 6:5 itakulipa 1,200. Umepunjwa 300. Kwa karata za pakiti nane, blackjack hukujia takriban mara moja katika mikono (michezo) 21, na mara chache mgawaji naye huwa nayo, mkatoka sare. Zile 300 ukizisambaza kwenye mikono yote, kila dau la 1,000 linabeba hasara ya ziada ya shilingi 14 hivi, karibu asilimia 1.4. Meza nzuri, na kanuni zake zote, huiachia kasino asilimia 0.5 hadi 0.7 ya kila dau. Badiliko hilo moja la 6:5 linaifanya meza iwe ghali mara tatu hadi karibu nne, na bado watu hukaa hapo kwa sababu dau la chini ni dogo.

Kanuni nyingine zina uzito, ila si wa kiasi hicho. Mgawaji anayeongeza karata akiwa na 17 laini, kama A na 6 ambapo A inahesabiwa 11, anaiongezea kasino asilimia 0.2. Ukiruhusiwa kudabo dau baada ya kutenganisha jozi, yaani kugawa karata mbili zinazofanana kuwa mikono miwili, unarudishiwa 0.14 hivi. Pakiti moja ya karata ina nafuu ya zaidi ya nusu asilimia ukilinganisha na nane, lakini mubashara utakutana na nane karibu kila mahali, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta.

Asilimia hizi ni za mtu anayefuata mkakati wa msingi, yaani uamuzi bora wa kila mkono dhidi ya karata ya mgawaji inayoonekana. Wanajeshi wanne wa Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, waliukokotoa kwa mashine za hesabu za mezani na kuuchapisha mwaka 1956. Leo ni jedwali la ukurasa mmoja. Nyumbani hakuna wa kukukataza kuliweka kando ya simu, na mimi naona kucheza bila hilo jedwali ni kuitupia kasino fedha. Hata ukilifuata kikamilifu, kasino bado iko mbele yako, kwa hiyo cheza kwa fedha ya starehe, kamwe si ya kodi wala ada ya shule, na kwenye tovuti yenye leseni ya nchi yako. Tanzania msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Sasa nazipanga meza kuanzia iliyo bora, kwa kutumia za Evolution, kampuni ya Uswidi ambayo michezo yake utaikuta kwenye kasino nyingi za mtandaoni.

Ya kwanza ni Infinite Blackjack. Wote mnapewa karata mbili zilezile za mwanzo, kisha kila mtu anaamua lake, ndiyo maana nafasi haziishi na dau la chini huwa dogo. Ukifikisha karata sita bila kuvuka 21, umeshinda papo hapo. Faida ya kasino ni asilimia 0.53.

Ya pili ni meza ya kawaida ya viti saba, 3:2, mgawaji akisimama kwenye 17 zote. Hapo ni kama asilimia 0.7. Tatizo ni viti kujaa.

Speed Blackjack naiweka ya tatu ingawa asilimia yake ni ileile. Anayeamua haraka ndiye anayepewa karata kwanza, hivyo mikono ni mingi kwa saa. Tuseme unacheza kwa dau la 1,000: mikono 50 inakugharimu wastani wa shilingi 350, mikono 80 inakugharimu 560.

Free Bet Blackjack inavutia kwa jina. Unadabo bure ukiwa na 9, 10 au 11, na jozi nyingi unatenganisha bure. Lakini mgawaji akifika 22 hajafungwa: mnatoka sare, na 22 humwangukia mara 7 hivi katika mikono 100. Kasino inabaki na asilimia 1.55. Icheze ukiipenda, lakini usiiite nafuu.

Meza yoyote ya 6:5 ni ya mwisho, hata ikiwa na mgawaji anayezungumza Kiswahili.

Ukishakaa kwenye meza nzuri, usiiharibu kwa madau ya pembeni. Bima, yaani dau kwamba mgawaji anayeonyesha A ana blackjack, ndiyo inayoonekana ya busara kuliko yote. Inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo ili usipoteze, theluthi ya karata zilizobaki ingepaswa kuwa za thamani ya kumi (10, J, Q na K). Katika pakiti nane, mgawaji akishaonyesha A, zimebaki karata 415, na za kumi ni 128. Zinapungua kumi kufikia theluthi, na faida ya kasino hapo ni asilimia 7.5. Ikataeni bima hata mkiwa na blackjack mkononi.