Stevia, vidonge na asali: nilivyovionja kwenye chai ya mama

Mama ana kisukari na jikoni ni mimi, kwa hiyo hizi sukari mbadala nazijua kwa ulimi kabisa. Kila mtu anakwambia "chukua ya asili, za kemikali zinaua", mi nasema onja kwanza halafu geuza kopo usome nyuma.

Stevia ni majani, asili yake huko Paraguay ila siku hizi wanalima hata Kericho. Ule utamu uliochujwa kwenye majani hayo, ndo unaouzwa kwenye kopo, ni tamu kama mara 200 hadi 300 kuliko sukari so kidogo tu inatosha. Shida utamu wake unachelewa kuja, na ukija hauondoki, halafu nyuma ya ulimi unabaki uchungu kama umetafuna jani la mwarobaini. Kwenye chai ya maziwa mama aliikataa palepale. Ila weka kwenye juisi ya ukwaju au chai ya rangi yenye tangawizi nyingi, wala huisikii.

Kilichoniudhi ni kopo moja (jina naliacha) mbele limeandikwa STEVIA kubwaa, kugeuza nyuma kiungo cha kwanza ni maltodekstrini, yaani wanga ambao unapandisha sukari vilevile, na bei yake ilivyo sasa! Asali na sukari guru ndo usiseme, watu wanampa mgonjwa wakidhani ni dawa, wakati ile ni sukari na kwenye kipimo inaonekana.

Za viwandani: aspatemu ladha yake iko karibu sana na sukari, ila haipendi moto, na sisi chai tunaichemsha na maziwa, kwa hiyo tia kwenye kikombe mwishoni usiitie sufuriani. Sakarini ni ya zamani mno, tangu 1879, inaacha ladha ya chuma mdomoni, sirudii. Sukralosi ndo mshindi kwetu, inavumilia moto kuliko aspatemu na haiachi uchungu. Nilijaribu kupikia maandazi, utamu upo ila yalitoka meupe meupe hayana ile rangi, maana sukari ndo inasaidia kuyapaka kahawia.

Kuhusu saratani, ni kweli Julai 2023 aspatemu iliwekwa na wataalamu wa saratani wa WHO (Shirika la Afya Duniani) kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha, lakini kiwango cha kutumia kwa siku hakikuguswa, kilibaki miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 70 ni 2,800, huzifikishi kwa vikombe viwili vya chai. Na kabla ya hapo, Mei mwaka huohuo, WHO walisema watu wasizitegemee hizi sukari mbadala kupunguza uzito, stevia nayo imo humo humo, ila ushauri ule haukuwahusu wenye kisukari tayari.

Sasa hivi kwenye pochi ya mama kuna vidonge vya sukralosi, stevia nimebaki nayo ya juisi tu. Anayejua pa kupata majani makavu ya stevia hapa Dar, yasiyochanganywa na kitu, anielekeze.