Kidude cha OBD cha 35,000: uzoefu wangu na IST hapa Mtwara

Nimekitumia kifaa hiki kwenye gari langu na kwenye magari ya jamaa muda wa kutosha kusema kinafaa wapi na kinagomea wapi. Ni kile kidude kidogo cha bluu kilichoandikwa ELM327, unachomeka chini ya dashibodi upande wa dereva, kinasoma namba za matatizo kwenye kompyuta ya gari na kuzionyesha kwenye simu kwa Bluetooth. Nilikichukua Kariakoo kwa shilingi 35,000.

Mtu wa Dar anaweza kukiona ni kitu cha kujifurahisha, maana kwake mashine za kupimia gari ziko jirani na spea atazipata mtaa wa Gerezani. Sisi wa Mtwara hesabu yetu ni nyingine. Spea nyingi za gari ndogo tunaagiza, zinapakiwa kwenye basi, zinasafiri zaidi ya kilomita 550. Ikija isiyo yenyewe, umelipia spea, umelipia mzigo, na gari bado limelala uani. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara maeneo ya Somanga, waliokuwa wanangoja mzigo walingoja kwelikweli. Ndiyo maana naona huku kwetu kifaa hiki kina thamani kubwa kuliko huko kinakouzwa.

Gari langu ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, gia oto ya spidi nne. Lilianza kushtuka nikikanyaga mafuta kwenye kupanda, na palipoonyesha vibaya zaidi ni kile kipande cha kutoka Masasi kupandisha Newala. Kwenye tambarare linakwenda vizuri, likifika mlimani linatetemeka kama gia inaingia na kutoka. Baadaye taa ya cheki injini ikawaka. Gereji moja ya hapa mjini wakalizungusha mtaani mara moja, wakarudi na jibu: giaboksi limekwisha, niagize lililotumika, jumla na ufundi milioni moja na laki nne. Hawakuchomeka mashine yoyote. Hata kijiti cha oili ya gia hawakukichomoa. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu najua wapo watu waliolipa pesa za namna hiyo kwa maneno tu.

Kuunganisha kifaa hakukuwa rahisi, na hapa wenye magari ya Japani ya miaka hiyo wasome vizuri. Marekani iliyalazimisha magari madogo yote ya mwaka 1996 na kuendelea yanayouzwa kwake kufuata mfumo mmoja wa kusoma kompyuta ya gari, ndio OBD2. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, ambayo ndiyo mengi tunayoyaendesha, yalichelewa kuufuata. Tundu la pini 16 lipo, ukichomeka taa ya kifaa inawaka, lakini simu inakwambia haioni kompyuta ya gari. Watu wengi wanaishia hapo na kusema kifaa kibovu. Mimi nilihama programu nikaingia Car Scanner, nikaacha ule uchaguzi wa jumla, nikachagua Toyota ya soko la Japani. Ikaitika. Namba ya siri ya kuunganisha Bluetooth huwa 1234 au 0000. Wenye iPhone wasinunue hiki cha Bluetooth ya zamani, hakitaonana na simu yao. Wachukue cha Wi-Fi au chenye Bluetooth 4.0.

Namba ya tatizo iliyotoka ni P0302, peke yake. Ile P inamaanisha tatizo liko upande wa injini na gia. Zinazoanza na P03 ni za uchomaji wa mafuta, na 02 ya mwisho inataja silinda ya pili. Kwa maana hiyo silinda namba mbili ilikuwa inamisi, yaani inaruka pigo bila kuchoma mafuta. Za giaboksi huanza na P07, na hapakuwa na hata moja.

Sasa, P0302 haikwambii ununue nini. Silinda inaweza kumisi kwa sababu ya plagi, koili, nozeli, au kompresheni iliyoshuka. Nikaenda kwa fundi wangu wa Chikongola, kijana mtulivu, nikamwonyesha simu. Akasoma, akaniuliza, "Kaka, umeifuta?" Nikamwambia sijaigusa. "Vizuri. Usifute mpaka tumalize."

Injini hii ina koili nne, kila plagi na ya kwake, na kila moja imeshikwa na bolti moja ya spana namba kumi. Akaichomoa koili ya silinda ya pili akaihamishia ya nne, ya nne akaileta ya pili. Hakugusa kitu kingine. Hapo ndipo akafuta namba, tukaliwasha, tukaenda nalo mpaka njia ya Naliendele tukilikanyagia mafuta kidogo. Taa ikarudi. Tukasoma tena: P0304. Tatizo limehama na koili. Akaigeuza ile koili mkononi, akanionyesha kwenye mpira wake mstari mwembamba mweusi uliopasuka kwa urefu, umeme ulikuwa unatorokea pale kwenda kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Koili iliyotumika ilipatikana hapahapa Mtwara kwa 40,000. Plagi zote nne tukaweka mpya kwa sababu zilikuwa zimechoka. Gari likapanda Newala bila kushtuka.

Nilimuuliza kwa nini mtikisiko ulifanana vile na gia. Maelezo yake yalikuwa mazuri na nimeyathibitisha baadaye. Gia oto hupokea nguvu ya injini kupitia oili, ndani ya kile kibuyu cha torki konveta, na oili ile inameza mitikisiko midogo. Mwendo ukishatulia kwenye gia ya juu, klachi ya ndani inafunga na injini inaunganika moja kwa moja na giaboksi. Injini ikimisi wakati huo, kila pigo lililokosekana linakuja mpaka kwenye kiti chako. Dereva anahisi gia, na fundi asiyepima naye anahisi gia.

Mfano mwingine ni Rav4 ya shemeji yangu. Ilikuwa inanguruma juu-chini ikiwa imesimama, na namba ni P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Mtaani ukitaja P0171 unaambiwa ununue sensa ya oksijeni, na sensa ile si pesa ndogo. Hapa ndipo kifaa kinapolipa, kwa sababu kinakuonyesha pia marekebisho ya mafuta yanavyofanyika wakati injini inazunguka. Kwa kawaida namba hizo hucheza karibu na sifuri, kumi juu au kumi chini haina shida. Ya shemeji ilisimama kwenye 24 injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, yaani kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta asilimia 24 kufidia hewa. Tukapandisha mzunguko mpaka 2,500, ikashuka hadi 5. Hiyo ni dalili ya hewa inayoingia kwa tundu la pembeni: injini ikivuta hewa kidogo tundu linaonekana kubwa, ikivuta nyingi tundu linapotea. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka, namba ingepanda kadiri unavyokanyaga. Tulipekua nyuma ya manifodi ya hewa tukakuta mpira wa vakyumu umepasuka shingoni. Kipande cha mpira na klipu mbili, haikufika elfu tano. Sensa ya oksijeni ilikuwa nzima muda wote.

Jirani yangu wa Shangani naye ana Vitz. Kwake simu ilionyesha hewa inayoingia kwenye injini ina nyuzi joto 40 chini ya sifuri, mchana wa Mtwara. Namba ilikuwa P0113. Kipimo cha namna hiyo mara nyingi maana yake waya umekatika au plagi ya sensa haishiki. Tulipoichomoa, pini zilikuwa na ile kutu ya kijani ya chumvi. Gari zinazolala karibu na bahari zinaumwa sana ugonjwa huu. Tulisafisha, tukairudisha, kipimo kikasoma 34. Hakununua chochote.

Kwa giaboksi lenyewe, kifaa hiki ni dhaifu, na sitaki mtu akinunue kwa kutegemea hilo. Kitakusomea P0700, ambayo inasema tu kwamba kompyuta ya gia ina malalamiko. Kuingia kwenye kompyuta ya gia ukajua malalamiko yenyewe kunahitaji mashine kubwa ya kupimia kama zile za kampuni ya Launch. Tena matatizo mengi ya gia hayaachi namba yoyote: oili iliyopungua, klachi zilizolika, gia inayochelewa kuingia asubuhi ukitoa P kwenda D. Hayo yanatafutwa kwa macho na pua. Kwenye IST, gari likishapata joto, lisimamishe pahali tambarare injini ikiwa inaunguruma, pitisha gia zote taratibu kisha rudisha P, ndipo uchomoe kijiti cha oili ya gia na kukifuta kwa kitambaa cheupe. Oili nzuri ni nyekundu inayopenyeza mwanga. Ikiwa kahawia nzito na inanuka kuungua, klachi zinateketea humo ndani, hapo ongea habari za giaboksi. Na usikubali kuwekewa oili yoyote iliyopo dukani kwa sababu nayo ni nyekundu. IST hii inatumia T-IV, matoleo ya baadaye ya Toyota yakaja na WS, na Noah zenye CVT, giaboksi la mkanda lisilo na gia za hatua, zina oili yao kabisa. Oili ya gia ya kawaida ndani ya CVT inaliua giaboksi zima.

Ninachokitumia mara nyingi kuliko vyote ni joto la injini. Mshale wa dashibodi kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, na unapoanza kusogea tayari hali ni mbaya. Kwenye simu naona namba yenyewe. Gari langu likiwa zima linatembea kwenye nyuzi 86 hadi 92, kwenye mlima linafika 97, feni inawaka linashuka. Siku nitakayoona 103 kwenye tambarare nitasimama kuangalia maji, sitangoja mshale. Namuomba kila anayesafiri na familia kwenda Masasi au Lindi kwenye jua letu aweke hii mbele ya macho. Silinda hedi iliyopinda ni msiba mkubwa kuliko koili mia.

Kasoro zake. Kwanza, vya bei hii ni nakala. ELM Electronics, kampuni ya Kanada iliyobuni chipu ya ELM327, ilifunga milango 2022, na toleo lake la mwanzo lilinakiliwa kwa sababu halikuwa na kinga. Nakala zilizoandikwa 2.1 nyingi zimepunguzwa amri na hushindwa kuongea na magari ya zamani. Mimi kilichonikubali ni kilichoandikwa 1.5. Pili, usikiache kimechomekwa. Pini ya 16 ya lile tundu ina umeme wa betri hata ukiwa umetoa ufunguo, na gari likikaa wiki bila kuwashwa unaweza kulikuta haliwaki. Tatu, taa za ABS na eabegi usitegemee kitazisoma.

La nne ni la matumizi. Kufuta namba ni kitufe kimoja, na ukifuta unapoteza pia kumbukumbu ya hali ilivyokuwa tatizo lilipotokea: mzunguko, mwendo, joto. Fundi anazihitaji. Piga picha ya skrini kwanza. Na taa ya cheki injini ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na utafute pa kusimama, kwa sababu mafuta yasiyoungua yanaenda kuungulia kwenye katalisti, ile sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi, na kuiyeyusha.

Ukienda kununua, nenda na simu yako ikiwa na programu tayari, na kama inawezekana nenda na gari lenyewe. Mwombe muuzaji ukichomeke palepale, subiri mpaka uone mzunguko wa injini ukicheza kwenye skrini unapokanyaga mafuta. Kisipoitika, mwambie akubadilishie kabla hujatoa hela. Ukiagiza kwa basi, kubaliana naye kwa maandishi kwamba kisiposhika gari lako utamrudishia, na mtajie mwaka wa gari na aina ya simu.