Casio fx-991ES PLUS mbele ya namba tasa 2,147,483,647

Kikokotoo hiki nilikinunua katika steshenari moja karibu na soko kuu la Mtwara, ambako muuzaji alifungua boksi mbele yangu na kusema, "Jaribu kwanza, mwalimu, hela baadaye." Nikaandika 2,147,483,647, yaani 2 kipeo cha 31 kasoro 1, ambayo mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha kuwa ni namba tasa mwaka 1772, bila mashine ya aina yoyote.

Nilipobonyeza =, kisha SHIFT na kitufe chenye maandishi FACT juu yake, kioo kilileta namba ileile ndani ya mabano. Mwenye haraka angeyachukua mabano hayo kuwa ni cheti cha utasa, jambo ambalo silo kabisa. Kitabu cha maelekezo kinaeleza kwamba mashine hutafuta vigawo tasa vyenye tarakimu zisizozidi tatu, na kwamba sehemu inayoishinda huifungia kwenye mabano. Nilipoingiza 2 kipeo cha 29 kasoro 1, yaani 536,870,911, ilijibu 233 × (2304167), ilhali 2,304,167 ni 1,103 mara 2,089. Mabano yaleyale, basi, huzunguka namba tasa na isiyo tasa, na mwanafunzi hawezi kuzitofautisha kwa kutazama kioo tu. Mpaka ambapo baki huanza kufungiwa mabano una mantiki yake: ni 1,018,081, ambayo ni 1,009 mara 1,009, na 1,009 ndiyo namba tasa ya kwanza kuvuka elfu, hivyo baki lolote lililo chini ya mpaka huo, likishaondolewa vigawo vyote vidogo, haliwezi kuwa kitu kingine ila tasa.

Sifa zangu naziweka kwenye TABLE, yaani sehemu ya kutengeneza jedwali la majibu. Kigawo chochote tasa cha namba yetu lazima kibakize 1 au 63 kikigawanywa kwa 248, na hakuna haja ya kutafuta zaidi ya 46,340, kwa sababu kipeuo chake cha pili kinaishia hapo. Andika f(X) = 2147483647 ÷ (248X + 1), anzia X = 1 na upande kwa safu thelathini thelathini, maana jedwali halibebi zaidi ya hapo, hadi ufike 186; kisha rudia kwa 63 badala ya 1, ukianzia sifuri. Kila jibu litatoka na desimali (sogeza kishale juu yake ili ulione lote chini ya kioo), na hapo utasa umethibitishwa. Kazi inachosha, lakini kidato cha sita wanaimudu.

Kinatumia mwanga pamoja na betri, na hakipangiwi programu, hivyo hakina mgogoro na masharti ya mtihani wa hisabati ya juu. Anayehitaji kujumlisha mauzo ya korosho tu anunue cha bei nafuu.