TAHADHARI: Springi za Canter zenye alama ya "SUP9" zinazouzwa hapa Mwanza ni chuma cha geti kilichopakwa rangi

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa springi hapa Mwanza. Wiki hii nimemrudishia mteja pesa ya ufundi kwa sababu nilimfungia springi feki bila kujua. Naandika ili yasimkute mwingine, hasa nyie wenye Canter na Fuso mnaobeba mawe, mchanga na saruji.

Mteja alinunua springi nne bapa za nyuma kwenye duka moja la spea hapa mjini, jumla shilingi 260,000. Nyeusi, zinang'aa, kila moja imegongwa "SUP9", yaani alama ya Kijapani ya aina ya chuma cha springi. Kabla hajalipa, muuzaji aliweka moja juu ya matofali mawili, akapanda juu yake. Ikabonyea, akashuka, ikarudi. Akafanya hivyo hivyo kwa springi kuukuu ya kiwandani, nayo ikabonyea kiasi kile kile. "Si umeona mwenyewe, mzee?" Mteja akatoa hela.

Jamani, hapo ndipo watu wanapoibiwa. Springi mbili zenye upana, unene na urefu sawa zitabonyea sawa chini ya mtu yule yule, iwe ni chuma cha springi au chuma cha geti, kwa sababu ukakamavu wa vyuma vyote viwili ni karibu uleule, kama gigapaskali 206. Hata kwenye mizani uzito ni mmoja. Tofauti iko kwenye kikomo cha kurudi. SUP9 iliyopikwa sawasawa (yaani kupashwa moto na kupozwa ipasavyo) hustahimili mkazo wa angalau megapaskali 1,080 kabla haijabaki imepinda. Chuma cha kawaida cha kuchomelea, hicho cha geti, hubaki kimepinda kwenye 245 hivi. Mtu wa kilo 80 hafikishi springi huko. Tani tatu za mawe zinafikisha.

Na zilifikisha safari ya kwanza tu, Igoma kwenda Buhongwa. Gari likalala upande wa kulia, tairi likaanza kukwaruza bodi. Waliposhusha mawe, gari halikuinuka.

Kabla ya kufunga springi huwa napima tao lake: uzi kutoka ncha hadi ncha, halafu rula katikati. Hizi zilikuwa na sentimita 12. Nilipozifungua nikakuta 7. Nikachukua tupa mpya. Kwenye springi kuukuu tupa ililia, ikashika kwa shida sana. Kwenye hii ilizama kirahisi, vinyweleo vya chuma vikajaa kwenye meno. Nikawasha grenda: ya kiwandani ilitoa cheche zinazopasuka matawi matawi, hii mistari mirefu mitupu. Nilipokwangua rangi nikaona herufi za SUP9 zimegongwa kwa mkono, S imepanda, 9 imeshuka.

Mteja aliniomba nizipike upya. Haiwezekani, na iliniuma kumwambia. SUP9 ina kaboni asilimia 0.52 hadi 0.60, pamoja na manganizi na kromi zinazosaidia ugumu ufike hadi katikati ya chuma. Hupashwa moto nyuzi 830 hadi 860, hutumbukizwa kwenye oili, kisha hurudishwa motoni nyuzi 460 hadi 510 ili isikatike kama kioo. Chuma cha geti hakina kaboni ya kutosha. Ukizamisha kwenye oili hata mara kumi, hakiwi springi.

Ukienda kununua, nenda na tupa. Muuzaji mkweli hatakukataza kugusa kona moja. Lakini tupa ikiteleza kabisa kama kwenye kioo, iache pia: huenda imepozwa kwenye oili tu, haikurudishwa motoni, na hiyo hukatika ghafla njiani. Kama kuna fundi mwenye presi karibu, ibonyezwe kwa uzito wa kazi, iachiwe, tao lipimwe tena. Na dai risiti ya EFD iliyoandikwa SUP9. Tuliporudi dukani muuzaji alikataa kuandika neno hilo, akasema yeye "anauza springi tu".

Taarifa tunaipeleka FCC, Tume ya Ushindani inayoshughulikia bidhaa bandia. Kama umefunga springi za aina hii, usipakie mzigo kabla fundi hajazipima kwa uzi. Hizi nne nimezitunza karakana kama ushahidi, moja nimeikata kipande, na fundi yeyote anayetaka kujaribu tupa yake juu yake anakaribishwa.