Taa ya ishara ya reli ya bustanini (ya treni ndogo za mfano): uikarabati au uunde mpya?

Taa ikizimika baada ya mvua, mara nyingi balbu haina kosa. Ni kutu ya kijani imekula viungo vya waya chini ya nguzo. Hapo kukarabati ndiko nafuu: kwangua, lehemu upya kwa risasi, funika kiungo kisipate maji, basi. Taa za balbu za zamani zibadilishie LED, maana LED hazipati moto wa kuyeyusha plastiki.

Ila plastiki ya taa ikishapauka kwa jua na kumeguka ukiigusa, usijisumbue. Kuunda mpya kunakula wikendi nzima (na vidole vichache vitaungua), lakini nguzo ya bomba la shaba hudumu, tena inabeba mkondo wa kurudi, hivyo taa ya rangi mbili huhitaji waya 2 tu ndani. Kila LED iwe na rezista yake (kipande kinachopunguza mkondo, hupimwa kwa omu): kwa volti 12 na miliampea 10, nyekundu inayokula volti 2 hivi hutaka omu 1,000. Kijani za kisasa huwaka kali mno kwa rezista hiyohiyo. Ongeza omu mpaka jicho liridhike.

Mimi huunda nguzo, ila vichwa vya taa vya zamani vilivyo vizima sivitupi.