Gari la Kukodi Brands Hatch: Mafundi Hodari, Breki Dhaifu
Kampuni iliyonikodisha gari kwa wikiendi ya mbio za magari ya saluni (magari ya kawaida ya abiria) za madereva wa ridhaa, katika uwanja wa Brands Hatch nchini Uingereza, ina mafundi hodari kuliko magari yake. Mzunguko mfupi wa uwanja huo, wenye takriban kilomita 1.9, hauzihurumii breki, hasa kwenye kona ya Paddock Hill inayoteremka ghafla. Jumamosi, wakati wa kuwania nafasi za kuanzia, nilikanyaga breki ikazama hadi sakafuni, nikaishia kwenye changarawe. Usiku huohuo mafundi walibadilisha pedi na mafuta ya breki, nami Jumapili nikamaliza mbio, ingawa mkiani. Anayetaka kukodi kwao adai pedi mpya kwa maandishi kabla ya kulipa.