TAHADHARI: Vishoka wa fidia wanaopita wodini baada ya ajali za basi

Ndugu zangu, naandika nikiwa bado natembelea magongo, na kinachoniuma zaidi siku hizi si mguu.

Mwaka jana basi nililopanda kutoka Dar kwenda Singida liliivaa lori kwa nyuma, hatujafika Dodoma. Nikavunjika paja, nikawekewa chuma.

Siku ya tatu akaingia wodini kijana wa shati la drafti, faili la kaki kwapani. Jina langu analijua, hadi namba ya siti. Akawagawia juisi wagonjwa wa pale karibu, akavuta stuli. "Pole sana dada yangu. Mimi natoka bima, tuwahi kabla siku 14 hazijaisha, zikipita hela inarudi serikalini." Mtu una dripu mkononi, nyumbani ada ya mtoto haijalipwa, utabisha nini?

Nikamtumia 85,000 ya "kufungulia faili". Wiki iliyofuata, 150,000 ya "kumlainisha daktari ajaze fomu". Kwenye simu likatokea jina la mwanamke, akasema huyo mhasibu wao. Sikushtuka.

Hiyo hela nimeshaisamehe. Kilichonimaliza ni karatasi. Alileta tatu, kazikunja ionekane sehemu ya chini tu, pa kuweka sahihi, na pedi ya wino. Mkono wa kulia una bandeji, basi akakishika kidole gumba cha kushoto akakigandamiza yeye mwenyewe, mara tatu, kisha akanifuta wino kwa pamba. Mpole kweli kweli. Akaondoka na PF3 yangu halisi (ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa), tiketi na vyeti vya hospitali, eti anaenda kutoa kopi.

Miezi minne baadaye nikajikokota hadi kampuni iliyolikatia bima lile basi. Wakanionyesha faili langu, limefungwa. Ndani kuna hati inayompa yeye mamlaka ya kunidai, na nyingine inayosema nimepokea 1,800,000 na sina dai lingine lolote. Kidole ni changu. Hela sijaiona.

Sasa mlio wodini, au mnaouguza mtu: msiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hamjaikunjua na kusomewa yote, hata kama anayeileta kavaa kitambulisho shingoni. PF3 inatolewa polisi bure, na ile halisi haitoki mikononi mwenu. Kishoka mpe kopi, au msimpe kabisa. Habari ya siku 14 ni ya kuwatisha tu. Madai ya kuumizwa kwa uzembe wa dereva, sheria ya ukomo inatoa miaka 3 kuyafikisha mahakamani, ingawa kuchelewa nako kunakupotezea mashahidi.

Basi la abiria lazima liwe na bima, na hata ile ndogo, ya mtu wa tatu, inagusa abiria aliyeumia. Chukua namba ya gari, ingiza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wa kuhakiki stika, utaiona kampuni yenyewe, uende kwa miguu yako au umtume ndugu. Trafiki waombe ripoti ya ajali na ramani ya tukio. Ukitaka wakili, tafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wenye orodha ya mawakili, kabla hujatoa hata mia. Kampuni ikikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mimi lalamiko langu liko kwake, na polisi nimeshafungua jalada la kughushi.

Namba niliyotumia hela nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Haipatikani tena. Ila juzi dada tuliyelazwa naye vitanda jirani, aliyerudi kliniki, kanipigia: kamwona kijana yule yule, faili lile lile kwapani, anagawa juisi wodi ya wanaume. Safari hii anajiita jina jingine.